Mashua ya mtumba niliyoijaribu mlangoni mwa Ruvuma, na povu nililoliona ndani yake

Wakuu, habari za humu.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Haya ninayoandika hata mke wangu sijamsimulia yote, na kwa umri huu sina sababu ya kuongeza chumvi.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya ujamaa. Nilipangiwa shule Msimbati, mimi mtu wa bara, bahari naijua kwenye ramani tu.

Mimba ya kwanza ya mke wangu iliharibikia njiani, gari limekwama kwenye mchanga tukienda hospitali Mtwara mjini. Ya pili ilipofika miezi sita nikawa silali vizuri. Nikasema safari hii barabarani hatupiti, natafuta mashua ya mashine.

Kulikuwa na Bwana Shamba mmoja anayehamishwa, kituo chake karibu na mlango wa Ruvuma, mto unapoingia baharini. Alikuwa anauza ya kwake, ndogo, ya mbao, na injini ya kufunga nyuma.

Sasa chekeni. Nilimtumia salamu kwamba nakuja kuikagua, naomba niikute safi na imepakwa rangi. Ualimu huo!

Mke wangu, mzaliwa wa Msimbati, akaguna. "Mwalimu, kwetu chombo kinakaguliwa kichafu. Kikishapakwa rangi utaona nini?"

Nikamwambia hayo mambo ya kizamani.

Nikaikuta inang'aa bluu. Bwana Shamba akaitumbukiza injini kwenye pipa la maji hapo uani, akavuta kamba mara moja, ikanguruma. Mimi nikagonga mbao mbili tatu, utadhani najua ninachosikiliza. Nikasema twende majini.

Enzi hizo ng'ambo ya mto, Msumbiji, walikuwa bado Wareno, na vita inaendelea. Watu wa pale hawakuusogelea ukingo wa kusini hata kwa utani.

Dakika kumi za kwanza raha tupu. Halafu miguu ikalowa. Kutazama chini, maji yana povu jeupe, kama la beseni la kufulia.

"Bwana Shamba, hili povu la nini?"

Alishavua kofia, anateka maji nayo. Hapo nikaelewa. Nyufa alizikandika sabuni ya mche, akapaka rangi juu.

Mashua ikawa nzito, injini ikakohoa, ikazima. Bahari ilikuwa inajaa, maji yanatuingiza mtoni na kutusogeza kusini. Nikaanza kuona mikoko ya ng'ambo jani kwa jani.

Wakuu, niliogopa. Kuzama niliogopa, lakini zaidi nilikuwa nasubiri risasi. Nilijikojolea pale pale nilipokaa.

Kilichotuokoa ni fungu la mchanga. Mashua ikakwama, tukashuka, tukarudi upande wetu maji yakiwa kifuani, tumeshikana mikono kwa sababu wote wawili hatukujua kuogelea.

Tulipokanyaga nchi kavu nikamuuliza, "Ulijua nitampandisha mke wangu mjamzito?"

"Nilijua, Mwalimu. Nilidhani itafika Mtwara."

Sikuinunua. Mke wangu nilimpeleka mjini mapema, akakaa Shangani kwa rafiki yetu hadi akajifungua salama.

Kwa hiyo wewe unayetaka chombo cha mtumba: kikague kikiwa kikavu, na uchafu wake wote. Kijaze maji ndani kikiwa bado nchi kavu, utazame yanatokea wapi. Na injini kuunguruma kwenye pipa si kitu, iendeshe ikiwa na mzigo.

Ila lililonifanya niandike ni hili.

Bwana Shamba aliikokota ile mashua kutoka kwenye fungu, akaipaka rangi upya. Nikasikia kuna familia ya huko huko mtoni, baba, mama na watoto, wanataka kuichukua. Nilisikia mapema kabisa. Kuwafuata ilikuwa mwendo wa asubuhi moja.

Nikaona aibu, mwalimu mzima kudanganywa na kipande cha sabuni. Nikanyamaza.

Mpaka nahama Msimbati sikuuliza ilikuwaje, nikiogopa kujibiwa.

Kama humu kuna mtu ambaye wazee wake walinunua mashua ya bluu kule miaka ile, aniambie walifika. Na kama hawakufika, pia aniambie.