Gharama ya Kuku Waliostaafu

Baba yangu hufuga kuku kijeshi. Asubuhi hufungua banda, husimama mlangoni mikono nyuma, na kuku hupita mbele yake kwenda kwenye maji. Anayechechemea hutolewa mstarini na kuchunguzwa. Alihamia kwangu Kasubi alipostaafu jeshini na kurudisha nyumba ya kambini, na kuku aliwanunua mwezi uleule. Alisema mwanaume mzima hawezi kushinda mbele ya televisheni kama mgonjwa.

Mayai tuliwauzia vijana wa rolex, wale wanaokunja mayai ndani ya chapati kando ya barabara. Mimi mchana nilikuwa ofisini, jioni chuoni Kyambogo nikisomea biashara, na mwaka huo nilishikwa na ule ugonjwa wa wanafunzi wa hesabu za gharama: kila nilichokiona nilitaka kukipanga kwenye fungu lake. Kodi ya nyumba, gharama ya kudumu. Mkaa, gharama inayobadilika. Hata sukari ya baba kwenye chai niliikodolea macho.

Kwa hiyo mwalimu alipotuagiza tuandike ripoti ya gharama za biashara tunayoijua, na tupendekeze gharama moja ya kukata, sikuhangaika. Bandani kwa baba kulikuwa na kuku kadhaa waliomaliza kutaga. Kwa wafugaji wengine, kuku wa aina hiyo huishia kwenye supu upesi. Baba aliwatengea kona, akawapa chakula kilekile cha wanaotaga, na akawaita wastaafu.

Jumapili nikamsomea ripoti. Aliisikiliza akiwa amesimama wima.

"Hii kuku ya kona," akauliza, "umeweka wapi?"

"Kwa gharama, baba. Inakula, haitagi. Mama mmoja wa soko la Owino anaweza kuchukua yote kesho."

"Lakini mimi nilinunua hii kuku na pesa mingi."

Hapo nikatabasamu, maana hoja hiyo nilikuwa naisubiri. Nikamweleza kwamba pesa iliyokwisha kutumika imezama, hairudi, kwa hiyo haiingii katika uamuzi. Kinachohesabiwa ni chakula cha kesho. Nilieleza vizuri sana. Mwalimu angenipa alama zote.

"Sawa," akasema baba.

Mzee wangu hasemi sawa kirahisi, ilinipasa kushtuka. Sikushtuka. Kesho yake akanywa chai bila sukari, nikadhani ameambiwa na daktari. Jioni akala nusu sahani, akasema ameshiba, na huyu ni mtu wa kuulizia ukoko. Siku iliyofuata nilimkuta chumbani anakunja mashati na kuyapanga ndani ya begi lake la jeshi.

"Unaenda wapi, baba?"

"Kwa kaka yako, Gulu. Huko chakula inatoka shamba." Akaendelea kukunja. "Kuku yenye haitagi iende, halafu mzee yenye haitagi abaki? Hiyo ni ripoti gani?"

Niliketi kitandani. Nilitaka kucheka, nikashindwa. Nikamwambia yeye hayumo kabisa kwenye ripoti, si kwenye gharama wala popote. Nilidhani namfariji.

"Mimi hakuna?" akasema polepole. "Sasa nani analisha hii kuku? Nani anaosha banda?"

Alisema kweli. Katika ripoti yangu nzuri, kuku walikuwa wanajilisha wenyewe na kujifagilia.

Nikaileta ripoti na kalamu, nikaongeza mstari: mshahara wa msimamizi. Nikamuuliza niweke kiasi gani.

"Weka ya sajini," akasema. "Na posho ya usiku. Mimi naamka kufukuza paka."

Nikaweka. Akafikiri kidogo, akadai na posho ya viatu vya mvua. Nikaweka nayo, na nilipojumlisha, faida yote ilikuwa imeliwa.

"Inasema nini?"

"Hasara, baba. Wewe ndiwe gharama kubwa kuliko zote. Umepita hata chakula ya kuku."

Akaichukua ile karatasi, akautafuta mstari wake kwa kidole, akausoma, akausoma tena. Kisha akatoa shati moja kwenye begi, akalitundika kabatini, akafuata la pili. Sikuwa nimemwona na furaha ile tangu avue sare.