Nguo Zilizokauka Ndani

Harufu ya sare za shule zilizokauka bila kuona jua hunirudisha mtaani Huruma hadi leo. Ni uvundo uliochanganyika na sabuni ya kipande, na mwaka ule tuliuvaa kwenda darasani. Ploti yetu, jengo la vyumba vya kupanga, ilijengewa makapera waliofanya kazi katika viwanda vya eneo la Baba Dogo, na mwenye nyumba, Mama Halima, hakutaka zaidi ya watoto wawili katika chumba kimoja. Sisi tulikuwa watano. Baba, mchongaji wa vinyago, alikuwa amekataliwa kila nyumba aliyobisha kwa sababu ya wingi wetu, basi Mama akasema "wawili" bila kupepesa macho. Tangu hapo, sare mbili tu ndizo zilizopanda kwenye kamba za juu ya paa. Nyingine zilining'inia juu ya vitanda vyetu. Tulitoka kwa zamu. Tulikohoa ndani ya mito. Kunong'ona kutwa nilikuchukia kuliko njaa.

Unyevu ule ukanishika kifua. Jumamosi moja yenye jua kali, nilipokuwa nikikohoa, Mama Halima alibisha hodi na kuingia kabla hatujajificha. Tukasimama kama kuku walionyeshewa. Mama akaanza kulia, akijua tunafukuzwa.

"Mama Mutua, mimi nimezaa saba," Mama Halima alisema, akitazama sufuria yetu. "Watoto wawili hawamalizi sima hiyo. Nilijua tangu mhamie."

"Nisamehe, mama. Tungeenda wapi?"

"Mficha uchi hazai. Makapera wenyewe wanaoa na kuhama. Nikikataa watoto, nitampangisha nani? Hebu toa hizo nguo juani, huyu mtoto atapata nimonia bure."

Mama alicheka huku machozi yakimtiririka. Mimi nilipanda ngazi mbio na beseni la nguo, nikipiga kelele kwa sababu tu niliruhusiwa. Sijawahi kupumua vizuri kama siku ile.

Majuzi nilikwenda kutafuta nyumba mtaani Njiru, nikiwa na Mama. Zamani mtu wa umri wake angerudi kwetu Ukambani kuzeekea shambani. Yeye amekataa katakata.

"Sasa, mathe. Mko wangapi?" keateka, kijana mwenye tabasamu aliyesimamia ploti, alimsalimu Mama, akaniuliza mimi.

Kama zamani, nikataka kupunguza hesabu. Mama akanitangulia: "Watu wazima watatu, watoto wanne. Saba."

"Poa tu. Hata huku chini ni mashosho na wajukuu wao."

Nilishusha pumzi. Mama hakuuliza maji wala umeme. Aliinua macho kuelekea paa, akauliza, "Kamba za nguo ziko wapi?"