Karatasi ya Mwaka Mmoja

Mume wangu hakuniogopa mimi, hakuwaogopa polisi, na Mungu alimkumbuka siku ya Ijumaa tu. Mtu pekee aliyemfanya ainamishe kichwa alikuwa mama yangu. Kwetu sisi Wanubi wa Arua, mwanamume hamtazami mama mkwe wake usoni. Hali chakula mbele yake, hapazi sauti akijua yupo karibu, na akimkuta njiani huvua viatu, akampisha huku macho yako chini. Hakuna aliyetufundisha haya. Tulizaliwa tukayakuta.

Alikuwa dereva wa lori la jeshi, mwenyeji wa Koboko. Aliweza kunipiga Jumatatu, na Jumanne akampelekea mama kilo ya sukari, akiishika kwa mikono miwili kama mwana mwema. Sukari wakati ule ilikuwa adimu, wake wa askari tu ndio walioipata bila kupanga foleni, na majirani wakaniona mwenye bahati. Mama aliipokea mara mbili. Mara ya tatu niliipeleka mwenyewe, nikiwa nimefungwa mkono wa kushoto kwa kitambaa. Aliutazama mkono, akautazama ule mfuko, akaniambia niingie ndani na mtoto na nisirudi tena kule.

Hiyo ilikuwa mwaka wa sabini na tano. Binti yangu alikuwa na miaka mitatu.

Mume wangu alikuja siku ya tatu. Mama alikuwa mlangoni juu ya mkeka wake, akisuka kawa za rangi za kufunikia chakula, kazi iliyompatia riziki tangu baba afariki. Mume alifika kwenye ua wa matete, akamwona, akavua viatu. Alisimama pale kitambo, akavivaa tena, akaondoka. Nilicheka ndani ya nyumba. Nasema kweli, nilicheka, nikadhani mambo yamekwisha.

Wiki iliyofuata mama alikwenda kutoa pole kwa jirani aliyefiwa. Sijui nani alimpa mume wangu habari. Niligeuka kutoka mekoni nikamkuta amesimama ndani, na mkono wake ukawa shingoni mwangu kabla sijasema neno. Hakupayuka. Alisema polepole, binti yetu akisikiliza, "Mimi tatia wewe kwa buti ya gari. Hapana mutu atauliza."

Lililonitisha ni kwamba alikuwa akisema kweli. Tulikuwa tumewaona waliotiwa kwenye buti za gari mchana kweupe, na ndugu zao wakirudi kutoka kituoni bila kuuliza kitu. Nilikuwa nimeanza kuona giza niliposikia mama akikohoa njiani. Aliniachia papo hapo. Akatokea nyuma, akavunja ua, kwa sababu mbele angekutana na mkwewe.

Tangu siku hiyo mama hakutoka mlangoni. Alisuka pale, akaswali pale, akala pale. Chooni alikwenda mbio na kurudi mbio, mama yangu mnene yule, na mimi nikiwa nimeshika mchi mpaka arudi. Soko la Inde, alikouza kawa zake, aliliacha. Magoti yalianza kumvimba. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na minne, na nililindwa na goti la mwanamke wa miaka sitini. Jambo hilo lilinikera kuliko kipigo chenyewe. Asubuhi moja nilimwambia naenda kortini.

"Korti ya nani?" aliniuliza. "Hii dunia sasa iko ya bunduki."

"Nitakwenda tu, mama."

"Basi vaa vizuri," akasema.

Korti ilikuwa juu ya kilima, pamoja na ofisi nyingine za serikali. Karani alikuwa Mlugbara wa upande wa Manibe, mtu mwembamba mwenye miwani, aliyevaa sweta juani. Alianza kupiga taipu maneno yangu kwa bidii.

"Bwana yako iko na kazi gani?"

"Anaendesha lori."

"Lori ya nani?"

"Ya jeshi."

Vidole vyake viliondoka kwenye taipu. Akainuka, akafunga dirisha, akarudi kukaa. "Mama, enda nyumbani," akasema kwa upole. "Tafuta wazee. Wazee natengeneza hii maneno vizuri."

Nilimjibu kwamba wazee wameshakaa mara tatu juu ya ndoa yangu, na mara zote tatu wamekula mbuzi, na sijaona mbuzi aliyeniponya mkono. Nilisema kwa sauti, maana hasira ilikuwa imenipanda. Alinitazama, kisha mdomo wake ukacheza kidogo. Akavuta saraka, akatoa karatasi. Mwaka huo hata serikali haikuwa na karatasi. Mashtaka yangu yaliandikwa nyuma ya fomu za zamani za ununuzi wa pamba.

Hakimu alitoka mbali, kusini. Kiswahili chake kilitosha kuagizia chai, kwa hiyo aliongea Kiingereza na karani akatafsiri. Mimi nilimaliza darasa la saba. Kiingereza nilikielewa kuliko nilivyoweza kukisema, ila sikumwambia mtu. Hakimu alinisikiliza mpaka mwisho, akautazama mkono wangu, akasema anaweza kumfunga mtu huyo kwa dhamana ya kuweka amani: asinikaribie, na akikaribia aende jela. Lakini lazima aje mwenyewe mbele yake. Na ili aje, samansi, yaani ile barua ya kumwita, lazima iwekwe mkononi mwake.

Hapo ndipo tulipokwama. Tarishi wa korti aliposikia Koboko, na kwa askari, alishusha mguu uliokuwa tayari kwenye baiskeli. "Mimi iko na watoto sita," akasema. Siku ya kesi ikapita. Ikapangwa nyingine, nayo ikapita. Samansi yangu ililala mezani kwa karani, imewekewa jiwe isipeperuke, na kila nilipopanda kile kilima niliikuta chini ya jiwe lile lile.

Siku niliyorudi nikilia, mama aliweka kawa chini.

"Mkwe akipewa kitu na mama mkwe wake, anaweza kukataa?" akaniuliza.

"Hawezi."

"Basi mimi tapeleka hiyo barua."

Karani alishika kichwa. Alisema sheria inamtaka tarishi. Mama akamwambia tarishi aje pia, atembee nyuma yake, aone kwa macho yake, halafu aape kortini kwamba barua imefika. Tarishi alifikiri, akauliza kama kweli atakuwa nyuma. Nyuma kabisa, mama akamjibu. Basi Ijumaa tukapanda lori la wafanyabiashara mpaka Koboko, sisi watatu.

Tulimkuta uani kwa kaka yake baada ya swala. Walikuwa watano, wote askari, wamekaa kwenye viti wakisikiliza redio, na mmoja alikuwa ameweka bastola mezani karibu na birika. Mimi nilibaki barabarani, tarishi akiwa amejificha nusu nyuma yangu. Mama aliingia peke yake. Niliona mume wangu ananiona mimi kwanza kupitia uwazi wa ua, anaanza kuinuka kwa hasira, kisha anamwona nani ametangulia.

Kichwa kilishuka. Akavua viatu mbele ya wenzake wote, akapiga goti. Mama alimnyooshea karatasi, naye akaipokea kwa mikono miwili. Mmoja wa wenzake akazima redio. Nadhani mume wangu aliijua ile karatasi ni nini mara ilipogusa vidole vyake, lakini angeichanaje? Ilikuwa imetoka kwa mama mkwe. Nyuma yangu tarishi alisema kwa kunong'ona, "Nimeona. Twende."

Siku ya korti alikuja. Alileta wenzake wawili, wakasimama mlangoni na bunduki, mmoja akiwa na miwani nyeusi. Watu waliokuwa na kesi nyingine walikumbuka wana shughuli nyumbani, wakatoka mmoja mmoja. Mama alikaa benchi la mbele kabisa, akajifunika mtandio.

Hakimu alimwuliza kama maneno yangu ni ya kweli. Mume wangu alijibu kitu ambacho hata mimi, hatua tatu kutoka kwake, sikukisikia. Hakimu akamwambia apaze sauti. Akanyamaza. Akaambiwa tena. Jasho lilikuwa linamtiririka hadi kwenye kola.

"Hapana weza sema," akamwambia karani, akiangalia sakafu. "Mama iko hapa. Toa yeye nje."

Karani alimweleza hakimu desturi yetu. Hakimu alidhani anachezewa, akamtazama yule mwanamume mkubwa mwenye sare, akamtazama mama chini ya mtandio wake, na akaona kwamba si mchezo. Akasema mama akae palepale. Kisha akasoma amri yake kwa Kiingereza, akiwa na haraka, macho yakimkimbilia kila mara kwenye zile bunduki mlangoni. Asifike nyumbani kwetu. Asiniguse mimi wala mtoto. Asitishie wala kumtuma mtu. Akivunja, jela. Amri hii ni ya miezi kumi na miwili kuanzia leo.

Karani akasimama kutafsiri.

"Hakimu nasema, wewe hapana kanyaga ile nyumba. Hapana gusa huyu mama, hapana gusa mtoto. Hapana tuma mutu. Ukivunja hii maneno, jela."

Nilingoja atamke ile miezi kumi na miwili. Haikuja. Karani alikuwa amevua miwani, anaifuta kwa ncha ya sweta, taratibu, kama mtu aliyemaliza kazi yake. Hakimu alimwuliza kwa Kiingereza kama ametafsiri yote. Yote, mheshimiwa, karani akajibu.

Mlangoni walikuwapo watu wawili wenye silaha, na kama mmoja wao alikijua Kiingereza, huyu mtu wa sweta asingelala kwake siku hiyo. Nilimtazama yule wa miwani nyeusi. Alikuwa anatafuna kijiti. Mume wangu alichovya kidole gumba kwenye wino, akakibandika kwenye karatasi asiyoweza kuisoma, akapewa nakala yake, akatoka. Mimi nilifunga mdomo. Nilipopita mezani karani hakuniangalia, na sikuthubutu kumshukuru.

Wiki ile ile kaka wa mume wangu alileta talaka. Mama aliikunja amri ndani ya kitenge, akaiweka kwenye sanduku lake pamoja na hati ya kiwanja cha marehemu baba. Akaukunja na mkeka. Jumamosi akaenda Inde na kawa zake kichwani, na jioni akarudi akicheka na wenzake njiani, kitu ambacho sikuwa nimekisikia kwa miezi.

Sikumwambia. Angerudi mlangoni, na magoti yale yasingeweza tena. Miezi kumi na miwili ilipotimia nilikuwa napepeta mchele, yeye anamsuka mjukuu wake nywele na kumwambia kwamba serikali imemkataza baba yake kuja hapa, daima. Nikaendelea kupepeta. Kuanzia siku hiyo nililindwa na kitu ambacho hakikuwapo, na mimi peke yangu hapa Arua nilijua, mimi na karani. Kila lori lililopunguza mwendo kwenye kona yetu lilinisimamisha. Nakala anayo, nilikuwa nawaza. Koplo yeyote anaweza kumsomea. Labda aliona aibu kumwonyesha mtu. Labda ameshasomewa na anangoja tu.

Mama alifariki mwaka wa sabini na nane, kwa homa ya siku nne. Alikufa akiamini ameniacha salama.

Siku ya tatu ya msiba mume wangu wa zamani alikuja. Ilimlazimu, talaka huvunja ndoa, lakini mama mkwe hubaki mama mkwe mpaka kaburini. Nilimwona kwenye ua anavua viatu, kwa mazoea tu. Alikaa na wanaume, akasoma dua pamoja nao. Walipoanza kutawanyika alikuja upande wa nyumba. Wanawake walikuwa nyuma wakiosha masufuria. Mlangoni hapakuwa na mtu. Mkeka ulikuwa umekunjwa, umeegemezwa ukutani.

Aliutazama ule mlango. Miaka yote ile hakuwahi kuinua macho akiwa pale, na sasa aliinua. Nikatokea, nikasimama kwenye kizingiti. Binti yangu, ambaye sasa alikuwa na miaka sita, alishika gauni langu kwa nyuma.

"Sasa mama hapana iko," akasema.

"Hapana iko."

Akasogea hatua moja. Nilinusa harufu ya sigara yake, na shingo yangu ikakumbuka.

"Na ile karatasi? Bado iko?"

Alinitazama usoni. Mpaka leo sijui kama aliuliza kwa kutokujua, au aliuliza akijua, ili aone nitafanya nini. Nilimkumbuka karani akifuta miwani yake polepole. Niliiweka sauti yangu mahali karani alipoiweka yake siku ile.

"Iko," nikasema.

Aliutazama ule mkeka ukutani. Halafu akarudi uani, akainama, akavaa viatu, akafunga kamba moja, kisha ya pili. Nilimfuata kwa macho mpaka akapita nyumba ya jirani. Niliuvuta mkeka, nikautandika mlangoni, nikakaa pale alipokuwa akikaa, na hapo ndipo nilipomlilia mama yangu kwa mara ya kwanza.