Ng'ombe Aliyeitwa Kitu

Kuku hawajatoka bandani, na Lyuben Rachev amekwisha kujikunyata ubavuni mwa ng'ombe wake, ndoo katikati ya magoti. "Sogeza mguu, mama. Haya, taratibu," anambembeleza, kwa sauti ya kufika hadi dirisha la jikoni.

Anasema Kiesperanto, lugha iliyobuniwa ili watu wa mataifa mbalimbali waelewane. Yeye ni Mbulgaria, mkewe Etelka ni Mhungaria. Walikutana kwenye kongamano la lugha hiyo, na ndiyo iliyojenga nyumba yao. "Kihungaria changu ni cha sokoni," anasema. "Cha mapenzi sikujifunza."

Hapa kijijini, karibu na mji wa Makó nchini Hungaria, wanaishi kwa vitunguu na maziwa. Kukamua ilikuwa kazi ya Etelka, hadi ng'ombe kipenzi chake, Riska, alipokufa mwezi Machi.

Jumapili iliyofuata Etelka alisimama kwenye klabu yao ya Kiesperanto, akaanza kumuaga. Lugha hiyo ina neno la kumtajia mwanamke, na jingine la mnyama, ambalo ndilo hilohilo la jiwe na jiko. Etelka alimtaja Riska kwa lile la mwanamke.

Lyuben, mwalimu wa klabu, akamkatiza. "Nikasema, 'Jamani, kumbe nilikuwa na wake wawili!' Watu wakavunjika mbavu."

Etelka aliketi bila kumaliza. Tangu siku hiyo hajamsemesha mumewe hata neno moja la lugha yao. Humwambia kwa Kihungaria kwamba chumvi imekwisha, au afunge mlango. Ndoo alimwachia.

"Nilimwonea," anasema Lyuben, uso chini. "Huyu Bimbó ni binti wa Riska. Akisikia hatua zangu tu, anageuka. Unamwitaje kitu? Sasa namwita kama mke wangu alivyotaka, kila asubuhi."

Etelka yuko mlangoni, mkononi ana mkate uliopakwa mafuta ya nguruwe. "Kwa ng'ombe, na aseme apendavyo," anamwambia mwandishi. "Mimi sikuchekwa zizini. Nilichekwa mbele za watu."

Lyuben anasimama, magoti yakilia. Jumapili hii, anasema, atasimama palepale klabuni na kumuaga Riska kwa neno lile la mkewe. "Wacheke wakitaka. Zamu yangu."

Kisha anamgeukia mkewe na kumuuliza kwa lugha yao, "Utakuja, mpenzi?"

Etelka anampa mkate, anachukua ndoo.

"Tutaona," anajibu, kwa Kihungaria.