Mwigizaji Bora Alikuja na Pikipiki

Jumamosi kwenye saluni moja ya Nunguni tulikuwa mimi na binti yangu mchanga, msusi, susu mmoja, bibi mzee aliyekuja kunyolewa, na kijana wa bodaboda aliyemleta. Kwenye televisheni, katika filamu iliyotiwa sauti za Kiingereza, mama wa Kihindi alikuwa akimtafuta mtoto wake aliyeibwa.

"Huyu mama analia vizuri kushinda wote," alisema msusi.

"Wapi! Mwizi ndiye mkali," nikamjibu. "Hata akinyamaza unaogopa."

Susu akatukatiza. "Nyinyi mnasifu tu. Mimi sielewi wanasema nini. Huyo mtoto atapatikana?"

Kijana akavua helmeti, akaanza kumtafsiria kwa Kikamba. Alimpa mwizi sauti nzito, mama akampa ya machozi. Mama alipopiga magoti, naye akapiga, hapo hapo sakafuni penye nywele. Simu yake ikaita, ni mteja.

"Ngoja kidogo, bosi," akasema. "Mtoto bado hajapatikana."

Mtoto alipopatikana, susu alipiga makofi. Msusi akamuuliza nani ameigiza vizuri zaidi.

"Huyu wa pikipiki," akasema. "Hao wengine wanafungua mdomo tu."

Mimi na msusi tuliacha kubishana, tukampa kura zetu. Yule mteja alipanda pikipiki nyingine.