Kahawa ya Ijumaa na Kijana Aliyechaguliwa Juu Mno

Siku ya kwanza kazini nilipewa ufunguo, fagio la matambara na onyo. Msimamizi wa ukumbi wa michezo pale Farsta, pembezoni mwa Stockholm, alinionyesha sakafu ya mbao iliyokuwa inang'aa, akasema, "Kiatu cha nje kikikanyaga hapa, nitahesabu umekanyaga wewe." Nikaitika. Miaka ya sitini ilikuwa inakwisha, na Kiswidi changu kilikuwa cha jikoni tu, kwani nilifika Stockholm nikiwa mpishi wa mhandisi mmoja Mswidi niliyemfanyia kazi Tanga. Huyo mhandisi alikuwa hali vitunguu kabisa, hebu fikiria mpishi wa pwani anapika bila kitunguu. Tuyaache hayo. Shule yangu iliishia darasa la nne, nasema mapema mtu asije akadhani nilikuwa kocha.

Jioni ile ile ikaja timu ya mpira wa kikapu kufanya mazoezi. Kocha akaniona nimesimama na fagio langu, akaniambia nikae chini ya kikapu niwarudishie wachezaji mipira. Basi pale chini ya kikapu ndipo nilipoota mvi. Klabu ilipohamia ukumbi wa Sundbyberg, walinichukua pamoja na mipira.

Sasa niwaeleze kazi yenyewe, maana nyinyi vijana mnayaona haya kwenye simu, sisi ilibidi tuelezwe. Kule Marekani, vijana wanaomaliza kucheza vyuoni huchaguliwa na timu za kulipwa kwa zamu. Timu moja inaita jina, inayofuata inaita lingine. Kuitwa mapema ndiko kuchaguliwa juu. Lakini wengi walioitwa juu waliachwa baada ya msimu mmoja, na walioachwa wakaanza kutafuta timu Ulaya. Walitua kwetu na masanduku yao makubwa na viatu vyembamba vya kiangazi, wakafanyiwa majaribio Jumatatu hadi Ijumaa.

Mwamuzi wa mwisho alikuwa katibu wa klabu, mtu mwembamba, mpole, wa maneno machache. Swali lake lilikuwa moja tu: "Alichaguliwa juu mno?" Maana yake, je, wale waliomwita mapema waliona kitu ambacho hakipo? Ukijibu ndiyo, kijana anarudishwa kwao. Katibu aliwahi kumchukua mmoja mwenye jina kubwa, jina likacheza mechi mbili, mwenyewe hakucheza hata moja.

Makosa ya wachaguaji tuliyajua. Wanaona urefu wakadhani ni ufundi. Au kijana kafunga sana chuoni, kumbe alikuwa akicheza na vyuo ambavyo mtu mrefu kuliko wote ni mwalimu wa dini. Filamu walizotuletea vijana zilionyesha mipira iliyoingia tu, kwani nani atatuma filamu ya mipira iliyokataa? Ndiyo maana katibu alianza kuniuliza mimi pia. Mimi niliyokaa nayo ni ile iliyokataa, na nilimwona kijana uso wake ikishakataa. Kocha akisema lake, nami nasema langu. Mara nyingine nilipatia, mara nyingine nilikosea vibaya sana.

Lakini jambo lililokuwa likinikosesha raha ni kahawa ya Ijumaa. Waswidi hawasemi jambo zito bila kahawa na mkate wa mdalasini. Basi tunakaa meza moja, katibu, kocha, mimi, na kijana mwenyewe anakaribishwa, maana kumwacha nje ni utovu wa adabu. Yeye hajui Kiswidi. Anakula mkate wake, anatabasamu, na sisi tunamhukumu mbele yake. Neno analolielewa ni jina lake tu.

Januari moja katikati ya miaka ya sabini akaja Klarensi. Aliitwa juu sana, kati ya wale wa mwanzo kabisa, akaachwa kabla ya msimu wa pili. Jumatatu mipira yake ikakataa. Jumanne ikakataa zaidi, na kila mmoja ukikataa alikuwa anageuka kumtazama katibu. Nilipomrudishia mpira aliniambia kwa Kiingereza, "Baba, hapa ndipo mlango wa mwisho. Wengine wote wamefunga. Nikirudi, ni ghala la tumbaku na kaka zangu."

Nikamrushia mpira mwingine.

Jumatano kocha akamwambia asifunge, amkabe tu mchezaji wetu mrefu. Hapo nikaona kitu kingine. Klarensi alianza kusema na wenzake, huyu anamsogeza kwa mkono, yule anamwita nyuma, na vijana wetu wa Kiswidi waliozoea kucheza kila mtu kivyake wakaanza kuonekana timu. Kisha nikajitilia shaka, kwa sababu usiku uliotangulia alikula kwangu.

Kocha alikuwa amenionya zamani, "Usile na mtu unayemhukumu." Lakini mke wangu ni wa Kisumu, hawezi kusikia kuna mtoto wa watu anakula mikate mikavu hotelini. Alimpikia ugali na samaki, Klarensi akaula kwa mkono bila kufundishwa. Alhamisi chakula hakikunipita.

"Baba Neema, kula," mke wangu akasema.

"Sijui kama ni macho yangu yanayomsifu au ni samaki wako."

"Samaki wangu hana kosa. Nyinyi Watanzania mnapenda kuzunguka. Anacheza au hachezi?"

"Anacheza. Lakini si kile walichomchagulia."

"Si uwaambie hivyo?"

"Katibu anataka ndiyo au hapana."

"Basi mpe zote mbili, aamue yeye. Kwani yeye analipwa kwa nini?"

Binti yetu, Neema, akacheka, akaniambia kwa Kiswidi kwamba mama ndiye angefaa kuwa katibu.

Ijumaa kahawa ikamiminwa. Klarensi alikaa mbele yangu, mkate hajaugusa. Kocha akaanza, "Nahitaji mfungaji. Huyu hafungi." Katibu akanigeukia. "Alichaguliwa juu mno?"

Niliona nikisema hapana nitakuwa mwongo, mipira yote imepita mikononi mwangu. Nikasema, "Ndiyo. Juu mno."

Kocha akaweka kikombe. Klarensi alikuwa ananitazama mdomo.

"Ila mbaki naye," nikasema. "Walimwita juu ili afunge, na kufunga si kazi yake. Kazi yake ni kuwapanga wengine. Mliiona Jumatano."

Katibu akakoroga kahawa isiyo na sukari. "Na akishindwa?"

"Nitakuwa nimekosea."

"Hilo si jibu."

"Sina lingine, bwana katibu."

Akainywa kahawa yake yote. Mwishowe akamwambia Klarensi kwa Kiingereza, "Hadi Pasaka. Nunua viatu vya baridi."

Msimu ule mechi sikuzitazama, nilimtazama yeye. Alifunga kidogo, watu wakazomea kila Jumapili. Pasaka ikapita, hakuna aliyesema kitu, na Waswidi wasiposema kitu ujue umebaki. Alikaa miaka, akaoa, akawa mwalimu wa michezo kule Tumba, nje ya Stockholm.

Nilipostaafu alinijia na ile keki yao ya kijani ya sherehe, Kiswidi chake sasa kinanishinda mimi. Tukala. Kisha akaniuliza jambo ambalo nilikuwa nikiliogopa tangu zamani.

"Ijumaa ile kwenye kahawa, uliwaambia nilichaguliwa juu mno?"

Nilitaka kuzunguka, kama anavyosema mke wangu. Nikashindwa. "Niliwaambia ndiyo."

Akaitikia kwa kichwa, akajikatia kipande kingine cha keki. "Mimi nilijua tangu siku ile walipoita jina langu. Chumba kizima kilikuwa kinapiga kelele, mama yangu analia kwa furaha. Ningemwambia nani, Baba? Nilikaa nikingoja mtu mmoja aone."