Huruma ya Kiroba

Nilianza kazi ya mifugo Igalula, nikiwa na begi moja, viatu vya mpira vilivyonizidi mguu, na cheti cha chuo nilichokuwa nimekikunja vibaya. Nilishuka kwenye treni asubuhi nikaelekezwa joshoni, alikokuwa Afisa Mifugo wa Tarafa, mzee mrefu mwenye sauti ya kuitia ng'ombe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unamtafuta nani?"

"Nimepangiwa hapa. Mimi ndiye mtaalamu mpya wa mifugo."

Alinitazama kuanzia kichwani hadi kwenye viatu. "Hawakuniambia kama ni binti. Haidhuru. Ng'ombe hawatauliza."

Kabla sijatua begi chini, mzee alikuwa ameshanitambulisha kwa wafugaji kama Bwana Mifugo wao mpya, na jina likaganda. Mimi ni mwanamke na nimezeeka nikiitwa hivyo. Mpaka leo watoto wa mtaani wananiamkia, "Shikamoo, Bwana Mifugo," nami naitikia marahaba bila kinyongo. Yako mengine yanayonikasirisha, na hayo ndiyo yaliyonikalisha chini kuandika.

Igalula nilijifunza kazi yenyewe. Josho, kwa kijana asiyewahi kuliona, ni handaki la saruji lililojaa maji yenye dawa ya kupe. Ng'ombe anatumbukia upande mmoja, anaogelea, anatokea upande wa pili amekasirika. Nilijifunza pia kutumia koleo la kuhasia, ambalo hubana mishipa ya dume bila kupasua ngozi, na nilikagua nyama kabla haijapigwa mhuri. Afisa wangu hakuwa mtu wa kusifu. Ukifanya vizuri alinyamaza, ukikosea alikuita jina lako lote, mpaka la babu.

Baada ya hapo nilihamishiwa Choma, kwa wenye ng'ombe wengi. Kule kampeni kubwa ilikuwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Watu walikuja na mbwa wamefungwa kamba za mkonge, vipande vya kanga, hata waya wa simu. Paka hakuletwa hata mmoja, ingawa paka naye hushikwa na kichaa kilekile na nyumba zote zilikuwa nao. Nilimuuliza baba mmoja, paka aliyelala pale mlangoni kwako ni wa nani? Akanijibu bila hata kufikiri, "Huyo? Ni wa kwake mwenyewe." Wenzake wakacheka, nami nikacheka, maana nilikuwa bado sijayaona ya Usinge.

Usinge ndiyo ilikuwa kituo changu cha mwisho na kirefu kuliko vyote. Ni nchi ya tumbaku na asali, na msitu wa hifadhi uko jirani kiasi kwamba mashamba yanaugusa. Wakulima wa tumbaku huhamia kambini msimu mzima, karibu na mabani, yaani yale majengo ya kukaushia majani kwa moto. Chakula kikiwekwa kambini panya hawachelewi, kwa hiyo kila kambi hupeleka paka. Msimu ukiisha watu wanarudi kijijini na masufuria, magodoro, hata milango wanaing'oa na kuibeba. Paka anabaki. Ukiuliza kwa nini, unaambiwa paka ni wa mahali, si wa mtu.

Hao ni wa kambini. Kuna na wale wa kiroba. Kwetu mtu haui paka. Muislamu atakwambia ni mnyama mwenye heshima ndani ya nyumba, Mkristo atakwambia ni dhambi kuua usichokula, na mzee wa jadi atakwambia damu ya paka ina mkosi. Nchi hii yenye dini nyingi hapo inakuwa na dini moja. Basi paka akizaa watoto wakazidi, mama mwenye nyumba anawatia kwenye kiroba cha unga, anakifunga kwa kulegeza ili wapumue, anampa mwenye baiskeli, na kinakwenda kumwagwa ukingoni mwa msitu. Jioni anawaambia majirani, "Nimewahurumia."

Huruma gani hiyo? Wengi wa wale watoto hufa kwa njaa ndani ya siku chache, na mwenye nyumba hayupo kuwasikia wakilia. Wanaosalia wanageuka paka shume, wakali, hawashikiki, na wanakula kila kinachozaliwa chini. Hawali kwa njaa tu. Paka aliyeshiba bado anawinda, ndivyo alivyoumbwa, na mimi sijamlaumu paka hata siku moja.

Aliyenifungua macho alikuwa Mzee Maganga, mrina asali ambaye mizinga yake imetapakaa msituni tangu enzi za baba yake. Alikuja ofisini akiwa na Afisa Wanyamapori wa wilaya, mwanamume mpole aliyependa utani.

"Mwangaluka, mayo," Mzee Maganga alinisalimu kwa Kinyamwezi. "Huko msituni kumekuwa kimya. Kanga wanataga, lakini vifaranga sivioni. Na kwale hivyo hivyo."

Walinichukua nikaona. Chini ya vichaka kulikuwa na manyoya ya vifaranga, na nyayo za paka kwenye vumbi, nyingi, zimepishana. Afisa akanionyesha kwa mbali mnyama aliyeketi wima juu ya kichuguu, miguu mirefu, mgongo wa masikio mwekundu, mkia una pete na ncha nyeusi.

"Yule ni kimburu," alisema. "Paka pori halisi, mwenyeji wa hapa. Kabla ng'ombe wako wa kwanza hajafika hapa, yeye alikuwepo."

"Naye anakula kanga?"

"Anakula, lakini ni mmoja na eneo lake, analilinda. Hawa wa kwetu wanamwagwa kwa kiroba. Na wanazaa naye, Bwana Mifugo. Kwa hali hii kimburu hataisha kwa kufa, ataisha kwa kuozeshwa."

Alisema kwa utani, lakini mimi sikucheka. Nilikuwa nimetumia maisha yangu kuchagua madume na kuhasi mengine ili mbegu isiharibike, na hapa mbegu iliyojichagua yenyewe miaka na miaka ilikuwa inamalizwa kwa viroba vya unga.

Tuliitisha mkutano wa vijiji vya ukingoni. Shekhe alikuja, mchungaji wa Moravian alikuja, wakulima wa tumbaku walijaa. Kazi tuliigawa hivi: kila nyumba ilete paka wake nimhasi, na aliyehasiwa nimkate ncha ndogo ya sikio ili ajulikane, kila kambi irudi na paka wake msimu ukiisha, na warina asali, wanaoijua kila njia ya msituni, watege vizimba vya waya vyenye dagaa ndani. Kimburu akiingia, aachiwe palepale. Wa nyumbani ambaye bado anashikika, atafutiwe mwenye ghala. Shume aliyekwisha kuwa mkali, daktari wa mifugo wa wilaya alitupa kibali na dawa ya kumlaza moja kwa moja.

"Paka akiondoka, panya hutawala!" mtu alipaza sauti kutoka nyuma.

"Nani kasema paka waondoke?" nilimjibu. "Waondoke msituni. Kwako naomba abaki, na umlishe!"

Wote waliafiki. Shekhe alisema kumtupa kiumbe afe njaa si rehema, mchungaji akasema amina. Mikono ilinyooshwa yote.

Na vizimba vikaanza kujaa, na hapo nikaujua ubaya wa mikono iliyonyooshwa yote. Sindano ya kuwalaza mashume niliidunga peke yangu. Warina asali waliniletea vizimba wakaondoka haraka. Watu walisimama mbali, wakatazama, kisha wakaenda kusema. Nikaanza kusikia naitwa Mama Sindano. Kwenye msiba mmoja nilikwenda jikoni kusaidia kama mwanamke yeyote, nikashika mwiko, na Mama Shija, mkulima mkubwa wa tumbaku na jirani yangu, akauchukua mkononi mwangu taratibu. "Wewe pumzika tu, Bwana Mifugo," alisema. "Mikono hiyo imechoka." Wanawake wengine wakainamia masufuria yao.

Nilirudi nyumbani nikalia kwa hasira. Mama Shija! Kila mtu alijua viroba vyake vilivyopita barabara ya msituni. Aliyetupa alikuwa mwenye huruma, na mimi niliyemaliza alichokianza nikawa katili nisiyefaa kushika mwiko wa ugali wa msiba.

Mkutano uliofuata nilikwenda na sanduku la dawa nikaliweka mezani mbele ya mwenyekiti wa kijiji.

"Kuanzia leo," nilisema, "sidungi paka ambaye hakuna mtu wa kijiji hiki anayemshika. Mlinyoosha mikono. Sasa ileteni hiyo mikono."

"Lakini hiyo ni kazi ya serikali," mwenyekiti alisema.

"Serikali haikumimina paka msituni, mwenyekiti."

Kelele zilikuwa nyingi, wengine waliondoka. Vizimba vilikaa bure kwa wiki kadhaa. Afisa Wanyamapori alinionya kwamba nitaua kazi yote, nami nikamwambia kazi ambayo watu wote wanaitaka na hakuna anayekubali kuigusa ilikwisha kufa. Wa kwanza kuja alikuwa Mzee Maganga. Alivaa glavu za ngozi, akamshika shume mmoja nikamdunga, akanawa, akaenda zake. Kisha kikaletwa kizimba chenye paka mweupe mwenye baka jeusi jichoni, na nyuma yake akaja Mama Shija, kanga ameifunga kichwani.

"Huyu namjua," alisema. "Alizaliwa chini ya kitanda changu. Alikuwa ananilalia miguuni."

"Hashikiki tena, Mama Shija. Unamwona alivyo."

"Namwona." Alivaa glavu. Alimshika vizuri, kwa nguvu na kwa upole, na alilia mpaka mwisho bila kugeuza uso. Alipomaliza alinikasirikia: "Kwa nini hukutuambia kuwa iko hivi?" Nami nilikuwa nimewaambia mpaka sauti ikakauka.

Msiba uliofuata alinipa mwiko mbele ya wote. "Koroga," akasema. Tangu hapo kushika kukawa kwa zamu, nyumba kwa nyumba, na viroba vikakoma kwa namna ambayo hotuba zetu hazikuwahi kuvikomesha. Aliyewahi kushika hakutupa tena, na watu wakawa wanaleta majike mapema nihasi, wengine hata bila kuitwa. Baada ya misimu kadhaa Mzee Maganga alinisimamisha njiani kuniambia ameona kanga wakivuka na vifaranga vyao, msururu mrefu. Kimburu naye alikuwepo, mwenye masikio yake mekundu, na watoto wake nao hivyo hivyo.

Ningependa kuishia hapo. Lakini miezi yangu ya mwisho kazini, soko moja la mjini, ambalo sitalitaja, lilitarajia wageni wakubwa. Msimamizi wa soko akaamuru paka wote waondolewe mabuchani na kwenye maghala. Walitiwa kwenye viroba, wakapakiwa kwenye pikapu, wakaja kumwagwa kwenye msitu wetu. Mzee Maganga aliiona pikapu ikirudi tupu. Hawakutuuliza, hawakutupigia hata simu. Kazi ya vijiji vizima, ya watu waliolia wakishika paka wao wenyewe, ilifunguliwa kamba na dereva mmoja akiwa anavuta sigara. Vizimba vilirudi msituni, na safari hii vilijaa kila siku.

Wanasema mstaafu anapaswa kuwa mtulivu, asamehe na afuge kuku. Kuku ninao. Ila nimegundua hasira nayo ina kazi yake, na anayetaka kuipokea ofisi yangu nitamkabidhi pamoja na hasira hiyo. Dawa na koleo anaweza kupewa na yeyote. Akishaanza kuona ni jambo la kawaida watu kumimina matatizo yao mahali ambapo hawaishi, basi hana kazi ya kufanya huko.

Hafla yangu ya kuagwa ilifanyika kwenye ukumbi wa wilaya, mchana, wali na pilau vikinukia. Wasemaji walikuwa wengi, na mmoja wao alikuwa msimamizi wa soko lile, kwa sababu nilikuwa nikimkagulia nyama. Alishika kipaza sauti, akatabasamu.

"Mama huyu ametufundisha kuwahurumia wanyama," alisema. "Hata sisi sokoni, tulipoondoa paka, hatukuua hata mmoja. Tuliwapeleka msituni wakaishi kwa uhuru."

Watu wa mezani kwake walipiga makofi. Nilisimama, lakini kabla sijafungua mdomo Mama Shija alikuwa ameshafika mbele. Alikuja na wenzake wa Usinge kwa lori la tumbaku, na nilidhani wamekuja na zawadi.

"Paka wako tumekuletea, baba," alimwambia. "Wamo kwenye vizimba, hapo nje kivulini. Na daktari yupo."

Msimamizi aliangalia mlangoni, akaniangalia mimi. "Sasa mnataka nifanye nini nao?"

"Wanaoshikika watafutie nyumba, mmoja mmoja," nilimwambia. "Wasioshikika, sisi wa Usinge tulishika wa kwetu."

Mama Shija alifungua kikapu chake akatoa jozi ya glavu za ngozi, akamnyooshea. Msimamizi aliangalia kulia na kushoto akitafuta mtu wa chini yake wa kumkabidhi, na hakuna aliyempokea. Akazivaa. Nilivua shada la maua walilonivisha shingoni, nikatoka naye nje kufanya kazi yangu ya mwisho.